Janga likiingia nyumbani Nakuru, msaada wa jamii huanzia mlango upi?

WAKAZI wengi wa Kaunti ya Nakuru huamini kuwa ofisi ya watoto ni mahali pa kumshtaki baba aliyekataa kulipa karo, na kwamba mfanyakazi wa huduma za jamii ni mtu wa kugawa unga na blanketi baada ya mafuriko. Dhana hizo si za uongo kabisa, lakini zimewafanya wengi kuchelewa kutafuta msaada hadi mambo yanapoharibika.

Kazi yenyewe ni pana kuliko hivyo. Inamhusu mjane anayefukuzwa shambani na shemeji zake, kijana aliyejaribu kujitoa uhai, msichana aliyenajisiwa na jirani, mgonjwa aliyepona lakini hawezi kuondoka wodini kwa sababu ya deni, na mtoto ambaye wazazi wake wametengana na kila mmoja anamvuta upande wake. Wote hawa wamezidiwa na shida, na jamaa ambao kwa kawaida wangewashika mkono ama hawako karibu au wao wenyewe ndio chanzo cha shida hiyo.

Katika eneo la kati la Bonde la Ufa jambo hili lina uzito wa kipekee, kwani hapa ni nchi ya wahamiaji. Mashamba ya maua yaliyouzunguka Ziwa Naivasha yamevuta vibarua kutoka Magharibi, Nyanza na Kati. Molo, Njoro na Kuresoi zilijaa familia zilizonunua ardhi baada ya uhuru, na mji wa Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, haujaacha kupokea vijana wanaotafuta riziki.

Watu hao waliwaacha nyuma wazee, mashangazi na wajomba. Zamani ugomvi wa mke na mume ulipelekwa mbele ya wazee wa pande zote mbili, wakakaa kutwa nzima hadi neno likapatikana. Leo kibarua anayeishi katika chumba kimoja mtaani Karagita hana mzee wa kumwita, kwa sababu mzee huyo yuko umbali wa safari ya usiku kucha kwa basi. Jirani wa ploti anaweza kuwa mwema, lakini mwezi ujao huenda amehama. Pengo hilo ndilo ambalo maafisa wa jamii wanatarajiwa kuliziba, ingawa wao ni wachache na watu ni wengi.

Mlango wa kwanza kwa wengi ni ule wa chifu au naibu wake. Chifu si mtaalamu wa mambo ya familia, lakini anajulikana, yuko karibu, na barua yake huheshimiwa. Chifu mwema hufanya kazi mbili tu: husikiliza, kisha humwelekeza mhusika kwa afisa anayefaa. Matatizo huanza pale anapoamua kuwa hakimu, akapatanisha kesi ambazo sheria haimruhusu kuzigusa. Jambo hilo litaelezwa hapa mbeleni.

Mlango wa pili ni afisa wa watoto, ambaye ana ofisi katika kaunti ndogo na ni mwajiriwa wa serikali ya kitaifa. Kesi zinazomfikia zaidi ni za matunzo. Mama huja na mtoto mgongoni, cheti cha kuzaliwa mkononi ikiwa anacho, na nambari ya simu ya mwanamume asiyeishika tena. Afisa hufungua faili, huandika maelezo, na kumwita baba kwa barua, aghalabu kupitia kwa chifu wa anakoishi au kwa simu.

Wakifika wote wawili, afisa mwenye uzoefu huwasikiliza kila mmoja peke yake kabla ya kuwakutanisha. Sababu yake si vigumu kuielewa. Mwanamke anayepigwa nyumbani hatasema hivyo mbele ya mpigaji, na mwanamume aliyefutwa kazi mara nyingi huona aibu kulikiri hilo mbele ya mkewe. Baada ya hapo huhesabiwa mahitaji ya mtoto: chakula, kodi ya nyumba, karo, mavazi na matibabu. Kila mzazi hueleza anachoweza kutoa. Wakikubaliana, mapatano huandikwa na kutiwa sahihi. Malipo yakipitia M-Pesa huwa na manufaa moja ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni kwamba rekodi hubaki, na hakuna anayeweza kudai alilipa kumbe hakulipa, wala kukana alichopokea.

Baba akikaidi, faili huelekea mahakama ya watoto. Hapa sheria imebadilika sana katika miaka ishirini iliyopita, na si kila mtu ana habari. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2001, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alikuwa mzigo wa mama kwanza, na baba aliweza kukwepa kwa urahisi. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 53, ilisema kuwa mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Sheria mpya ya Watoto iliyoanza kutumika mwaka wa 2022 ilifuata msimamo huo. Kwa hivyo kauli ya “sikumuoa huyu” ambayo bado husikika katika korido za ofisi hizi haina nguvu tena mbele ya hakimu. Baba akikana kwamba mtoto ni wake, mahakama yaweza kuagiza uchunguzi wa DNA.

Kabla ya kuamua mtoto akae na nani, hakimu huweza kumtaka afisa wa watoto apeleke ripoti. Afisa huenda nyumbani kwa kila mzazi, hutazama mahali mtoto anapolala, huzungumza na majirani na walimu, na humsikiliza mtoto mwenyewe ikiwa umri wake unaruhusu. Ripoti kama hiyo huandikwa pia na maafisa wa probesheni, idara iliyoanzishwa nchini tangu enzi ya ukoloni, wanapotakiwa kumweleza hakimu kuhusu nyumba na maisha ya mtu aliyepatikana na hatia. Wanaodhani maafisa hawa hukaa ofisini wakigonga mihuri hawajawaona wakipanda bodaboda kuelekea Kuresoi wakati wa mvua.

Huduma ya ofisi ya watoto hailipiwi. Yafaa hili lisisitizwe, maana hawakosekani watu wanaojiita wafanyakazi wa jamii na kudai “ada ya faili” kutoka kwa akina mama wasiojua. Afisa wa kweli ana kitambulisho cha kazi na ofisi inayojulikana, na hakasiriki akiombwa kukionyesha.

Kesi za ubakaji na unajisi haziendi kwa mwendo huo wa polepole, na hapo ndipo kuchelewa kunapoleta hasara isiyorekebishika. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi sharti zianze kumezwa ndani ya saa 72 baada ya tendo, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba nayo hufaa ndani ya saa 120. Aliyenajisiwa Ijumaa jioni, akangojea ofisi zifunguliwe Jumatatu asubuhi, amekwisha kutumia zaidi ya saa 60 kati ya hizo 72.

Kwa sababu hiyo maafisa hushauri kuwa hospitali itangulie, polisi wafuate. Wengi hufanya kinyume, wakiamini kwamba daktari hawezi kumgusa mwathiriwa bila barua kutoka kituoni. Sivyo. Hospitali humtibu kwanza na kujaza fomu maalumu ya huduma baada ya ubakaji, na fomu ya P3 kutoka kwa polisi huweza kujazwa baadaye. Mwathiriwa hashauriwi kuoga kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa ziwekwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa kuwa unyevu huharibu ushahidi. Katika hospitali kuu ya rufaa ya Nakuru, ambayo wazee bado huiita “Jenerali”, kuna huduma za waathiriwa wa dhuluma za kijinsia ambako matibabu huenda sambamba na ushauri nasaha.

Baada ya matibabu ndipo shinikizo la nyumbani huanza. Mshukiwa akiwa jamaa au mtu mwenye uwezo kijijini, wazee huketi, mbuzi au fedha hutajwa, na mama wa mtoto huambiwa asivunje ukoo. Hapa chifu aliyegeuka hakimu hufanya madhara makubwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haimpi mzazi wala mzee yeyote mamlaka ya kuiondoa kesi kama hiyo, kwani uamuzi wa kusitisha mashtaka ni wa kiongozi wa mashtaka ya umma. Aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini anakabiliwa na kifungo cha maisha. Mapatano ya mbuzi hayafuti kosa. Yanachofuta ni ushahidi, kwa sababu shahidi hunyamaza na mtoto hupelekwa kwa nyanya yake mbali.

Ndiyo maana kazi ya afisa wa jamii katika kesi hizi haiishii katika kumfikisha mtoto hospitalini. Kesi yaweza kuchukua miaka. Katika muda huo mtoto anahitaji mtu wa kumsindikiza mahakamani, kumtafutia shule nyingine ikiwa wenzake wanamcheka, na pengine kumpatia mahali salama pa kuishi ikiwa mshukiwa yumo nyumba moja naye. Pasipo mtu wa kuifuatilia, kesi hufa kimya kimya.

Wapo pia wanaoogopa hospitali kwa sababu ya gharama. Hospitali kubwa za umma huwa na afisa wa jamii wake, ambaye wagonjwa wengi hawajui kama yupo. Kazi yake ni kuchunguza hali ya mgonjwa aliyeshindwa kulipa, kuzungumza na jamaa zake, na kupendekeza kwa usimamizi kama deni lisamehewe, lipunguzwe au lilipwe kidogo kidogo. Tangu Oktoba 2024, bima ya zamani ya NHIF ilipobadilishwa na ile ya SHA, maafisa hawa wamepata kazi ya ziada ya kueleza watu namna ya kujisajili, hasa vibarua na wakulima wasio na mshahara wa kila mwezi. Mgonjwa asingoje siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani ndipo amtafute. Aulize muuguzi siku ya kwanza.

Kuhusu waliojaribu kujitoa uhai, kulikuwa na kikwazo kingine. Kwa miongo mingi sheria ya jinai ilihesabu jaribio hilo kuwa kosa lenye adhabu ya kifungo cha hadi miaka miwili, na familia zikawa zinaficha zikiogopa polisi. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu hicho, cha 226, kinakiuka Katiba. Mficha maradhi kilio humfichua, na sasa ile sababu kubwa ya kuficha imeondolewa na mahakama. Aibu ndiyo iliyobaki, nayo haiondolewi na hakimu. Anayehitaji kuzungumza na mtu anaweza kupiga simu bila malipo kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kupitia nambari 1199. Kwa masuala ya watoto nambari ni 116, na kwa dhuluma za kijinsia ni 1195. Zote ni za bure.

Lakini kipimo kigumu zaidi cha huduma hizi katika eneo hili kimekuwa majanga makubwa, ambayo Nakuru imeyapata mara nyingi kuliko inavyostahili kaunti moja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, ghasia zilisambaa hadi Nakuru na Naivasha mwishoni mwa Januari 2008. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru na ule wa michezo wa Naivasha vikageuka kambi za wakimbizi wa ndani. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 kote nchini.

Serikali ilipoanzisha Operesheni Rudi Nyumbani mnamo Mei 2008, ilipanga kumpa kila mkuu wa familia Sh10,000 za kuanzia maisha, na Sh25,000 kwa waliochomewa nyumba. Fedha zilikuwa na bajeti, ingawa wapo waliolalamika kuwa hazikuwafikia. Lile ambalo halikuwekewa bajeti ya kutosha ni mtoto aliyekojoa kitandani kila aliposikia kelele, mwanamume aliyeona aibu kutegemea msaada akaingia katika ulevi, na mwanamke aliyebakwa wakati wa ghasia lakini akaogopa kumwambia mumewe. Mambo hayo yalihitaji mtu wa kurudi hemani wiki baada ya wiki. Wengine walikataa kurudi walikotoka, wakachanga fedha walizopewa na kununua viploti vidogo, wakaanza upya wakiwa majirani wasiojuana.

Mwaka mmoja tu baadaye, Januari 31, 2009, lori la mafuta lilianguka Sachangwan, karibu na Molo. Watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Miili mingi haikutambulika kwa macho. Kwa familia zilizongoja matokeo ya DNA, maombolezo hayakuwa na mahali pa kuanzia. Isitoshe, ziliwabeba wafiwa lawama za watu waliosema marehemu walikuwa wakiiba mafuta. Mshauri nasaha katika hali hiyo hukabiliana na huzuni na fedheha kwa pamoja, na fedheha ndiyo iliyo ngumu zaidi kutibu.

Usiku wa Mei 9, 2018 bwawa la Patel lilipasuka Solai na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Alfajiri ya Aprili 29, 2024 maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli yalifumka Mai Mahiu na kuua zaidi ya watu 50. Maji ya Ziwa Naivasha nayo yamepanda na kuingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto, mwaka wa 2020 na tena 2025, bila kuua watu wengi lakini yakihamisha familia nzima nzima.

Katika kila mojawapo ya matukio haya, mwanzo hufanana. Magari ya viongozi huja, mahema hupigwa, wataalamu wa ushauri nasaha hufika kwa wingi, na kamera pia. Baada ya majuma machache mahema hung'olewa. Hapo ndipo hali huwa mbaya kwa walioathirika, kwa kuwa mtu aliyepotewa na mke na watoto huwa amepigwa na bumbuazi siku za kwanza. Kilio chake cha kweli huja wakati wengine wamekwisha kurudi kwao. Mpango wowote wa msaada usiohesabu mwezi wa sita na mwaka wa pili umehesabu nusu tu ya kazi. Kaunti na serikali ya kitaifa zimejifunza kupeleka chakula haraka. Kupeleka mtu atakayebaki, hilo bado.

Kuna fedha za kudumu kidogo kwa familia dhaifu kabisa. Mpango wa kuwasaidia mayatima na watoto walio hatarini ulianza kwa majaribio mwaka wa 2004, na sasa ni sehemu ya Inua Jamii, ambayo pia huwahudumia wazee wa miaka 70 na zaidi na watu wenye ulemavu mkubwa. Kiwango cha Sh2,000 kwa mwezi hakitoshi kodi ya chumba katika mitaa mingi ya jiji, na mara nyingi hulipwa kwa kuchelewa, lakini nyanya anayelea wajukuu wanne atakwambia tofauti iliyopo kati ya kidogo na sifuri.

Suala la watoto wasio na mlezi nalo limebadilika. Kwa miaka mingi jibu la haraka lilikuwa makao ya watoto, ambayo ni mengi Nakuru, Gilgil na Naivasha. Mwaka wa 2017 serikali ilisitisha usajili wa makao mapya, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto walelewe katika familia: kwanza jamaa, kisha walezi wa kambo waliochunguzwa, na makao yawe tegemeo la mwisho. Wazo ni jema. Hata hivyo, kumrudisha mtoto kwa mjomba aliyemkimbia si kumwokoa, na bila maafisa wa kutosha wa kuizuru nyumba hiyo mara kwa mara, mtoto atakuwa barabarani tena.

Barabara hizo za Nakuru zina historia yake. Mwezi Februari 2019 iliripotiwa kwamba watoto na vijana wa mitaani walichukuliwa usiku kutoka jijini na kutelekezwa karibu na msitu wa Chemasusu, Kaunti ya Baringo. Kisa hicho kilizua hasira na uchunguzi. Kilionyesha pia gharama ya kuiona familia ya mitaani kama taka za kuzolewa, badala ya faili kama faili nyingine yoyote, yenye jina, kijiji cha asili na jamaa wanaoweza kutafutwa.

Kwa anayekabiliwa na shida leo, maafisa hutoa ushauri wa kawaida ambao hupuuzwa mno. Abebe nakala za kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya chifu ikiwa anayo, na jumbe au picha zozote zinazothibitisha anachosema. Aandike tarehe za matukio angali anazikumbuka. Na aombe nambari ya faili kabla ya kuondoka ofisini, aihifadhi mahali salama. Vibarua wa Bonde la Ufa huhama mara kwa mara, leo Naivasha, mwakani Molo au Nakuru mjini, na mama mwenye nambari hiyo anaweza kuomba faili yake ihamishiwe ofisi ya anakoishi sasa, badala ya kusimulia upya mbele ya mgeni mwingine yale aliyokwisha kuyasimulia.